Mraba wa Kijivu wa Salah Bare

Mimi ni fundi cherehani, na duka langu na la Salah Bare yametenganishwa na ukuta wa mabati tu, kwenye mstari wa maduka unaoelekea soko la mifugo hapa Garissa. Yeye huuza dawa za wanyama: za minyoo, za kupe, za ngamia wanaokohoa. Ukiingia kwake hukosi kumkuta mfugaji ameegemea kaunta anaeleza ugonjwa wa mbuzi wake kwa kuuigiza, anakohoa kimbuzi na kuchechemea kimbuzi, na Salah anamtazama kwa adabu zote bila kucheka. Mimi hucheka kwa niaba yake, upande wa pili wa mabati. Lakini nyuma ya rafu za dawa ipo meza, na juu ya meza ipo kompyuta na skana, na hapo ndipo Salah anapoishi hasa. Huko mbele anatafuta unga tu.

Ana tovuti. Si ya dawa, ni ya jarida moja la zamani liitwalo Nyika Leo, ambalo wengi wenu hamlijui na siwalaumu. Lilichapishwa Nairobi miaka ya sabini na themanini, kila mwezi, kwa Kiswahili, likawahusu watu wa sehemu kavu za nchi hii: visima, mbio za ngamia, harusi, hadithi za mapenzi zisizokwisha, na ukurasa wa barua ambamo wasomaji walitukanana kwa heshima. Kisha likafa, kama majarida yanavyokufa, bila matanga.

Salah alijitwika kazi ya kulifufua toleo moja baada ya jingine. Wateja wake wote waliijua kazi hiyo. Mfugaji aliyekuja kutoka Tarbaj kununua dawa ya kupe aliweza kuchomoa gazeti kifuani, limekunjwa mpaka limekuwa kama kitambaa cha jasho, akaliweka kaunta kabla hata ya salamu kuisha. Madereva wa malori nao walimletea. Ndipo Salah alipobisha mabati yangu.

"Abaayo," ananiita hivyo, dada, "nisaidie pasi. Niko na mgonjwa."

Mgonjwa alilazwa kwenye meza yangu katikati ya vipande viwili vya pamba, nami nikampitishia pasi isiyo na moto mwingi, ukurasa kwa ukurasa. Nimeshona magauni ya maharusi wengi mjini humu, lakini sijawahi kusimamiwa namna ile. Alikuwa akishika pumzi mpaka namwambia, "Vuta hewa, Salah, utaniangukia hapa nishikwe."

Kwenye tovuti kila toleo lilipewa mraba wake. Lililopatikana liliwekewa picha ya jalada, na chini yake Salah aliandika hali yake bila kuficha aibu: limetoka Kutulo, lilitandikwa ndani ya sanduku la bati, ukurasa wa mwisho umeliwa na mchwa. Limetoka hapahapa Garissa, lilifungia sukari. Lisilopatikana mraba wake ulibaki wa kijivu. Watu wetu walioko ng'ambo walimwandikia kumshukuru, wengine walimwona babu yao kwa mara ya kwanza humo, ameshika kamba ya ngamia. Alipenda kazi ile, nisiseme uongo. Lakini mimi nilijua mraba mmoja tu ndio uliomnyima raha.

Ulikuwa wa toleo la Idd la mwaka sabini na nane. Mpiga picha wa jarida alifika huku mwaka huo, akampiga picha binti aliyekuwa akiuza maziwa ya ngamia, amebeba kibuyu ubavuni, nywele zake zimesukwa wazi kama mabinti wasioolewa walivyokuwa wakisuka. Binti yule aliitwa Sirad. Baadaye aliolewa, akamzaa Salah, akafariki mtoto hajaanza hata kukaa. Hakupigwa picha nyingine maishani mwake. Mtu mzima Salah, ana mvi kidevuni na watoto wa sekondari, na hajui mama yake alikuwa na sura gani.

Aliyemlea ni dada wa mama yake, Qali, ambaye yeye humwita habaryar, na sisi tungesema mama mdogo. Ndiye aliyemsimulia picha ile tangu utotoni. Aliiona kwa macho yake kabla hayajafanya ukungu. Kila Idd baada ya sala alimuuliza, "Bado haijapatikana?" naye alijibu, "Bado, habaryar," kisha mama yule alimweleza tena: paji pana, pengo dogo kati ya meno ya mbele, anacheka na mtu aliye nje ya picha. Mtu huyo alikuwa Qali mwenyewe.

Sasa hapa kuna jambo lililotusumbua. Matoleo mengine ya mwaka ule yalipatikana, tena mengine mara mbilimbili. Hili la Idd halikupatikana Wajir, halikupatikana Mandera, wala kwa nduguze walioko ng'ambo. Aliyetufumbua macho ni dalali wa ng'ombe aitwaye Abdinasir, mzee mwenye mdomo, aliyeingia siku moja kuchukua dawa.

"Hiyo unatafuta bure, Salah," alisema kwa Kiswahili ili nami nisikie. "Hiyo jalada iko na Bismillahi na aya, kubwa, rangi ya dhahabu. Nani atafunga nyama na Bismillahi? Nani atakalia? Ikizeeka tulichoma, jivu tukazika. Kila nyumba. Hatuwezi dharau."

Mmeona mambo? Majarida yasiyo na maana yaliokoka kwa sababu yalidharauliwa. Yalifungia sukari, yakatandikwa masandukuni, yakafunikia madaftari. Hili lililoheshimiwa likateketezwa nyumba kwa nyumba, kwa nia safi. Salah hakuweza kubisha, maana desturi hiyo ilikuwa yake pia. Kipande chochote chenye aya kilichomjia katikati ya majarida, aya ya kalenda au ya tangazo la msikiti, alikipiga picha kwanza kisha akampelekea habaryar Qali nyumbani, akichome kwa taratibu zake na kuzika jivu chini ya mwarobaini ulio pembeni mwa ua, mahali ambapo mguu haupiti. Mama yule aliifanya kazi hiyo kwa furaha. Alisema mjukuu anasaidia nyumba kwa kuchota maji, na yeye, asiyeona vizuri, amebakiwa na hili.

Mwaka juzi ikaja simu kutoka Modogashe. Mama mmoja, Mulki, mjane wa dereva wa lori, alikuwa amesikia habari za Salah. Marehemu mumewe aliliweka toleo lile la Idd pamoja na msahafu wake, limezungushiwa kitambaa, ndiyo maana halikuchomwa. Na ndani, alisema, kuna binti mwenye kibuyu.

Salah alimwomba ampigie picha ukurasa ule kwa simu na kumtumia. Mulki alituma picha ya jalada peke yake. Alipoulizwa, alijibu kwa Kisomali, na Salah akanitafsiria: "Amesema marehemu mama ana nywele wazi. Hawezi kumpitisha kwenye simu za watu. Amesema mwana ana haki ya kumwona mama yake, lakini simu haina haki hiyo. Ataniletea karatasi yenyewe."

"Mwambie awahi," nilisema.

"Siwezi kumharakisha, abaayo. Ana haki."

Na kweli alikuwa na haki. Nimelifikiria jambo hili mpaka nimechoka, na sijampata mtu wa kumkasirikia, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Siku zile ngamia wa Tarbaj walikuwa wanakohoa na Salah akalazimika kupeleka dawa mwenyewe. Kabla hajaondoka aliniletea kitambaa cha mahameli, kijani, akaniomba nimshonee mfuko wa kulitia jarida likifika. Niliushona kwa mkono, nikauwekea utepe. Habaryar Qali hakumwambia kitu, asije akampa tumaini la bure. Mulki alikuwa bado hajampata mtu anayemwamini, kwa hiyo hatukulitarajia wiki ile.

Lakini alimpata. Kijana Hanad, dereva wa gari la maziwa, aliondoka Modogashe nalo, akafika Garissa Ijumaa wakati wa sala. Maduka yote yamefungwa. Maziwa hayangoji mtu, na safari yake ilikuwa bado inaelekea Nairobi. Amana nayo haiachwi mlangoni. Akauliza nyumbani kwa Salah, akapelekwa, akamkabidhi habaryar Qali mkono kwa mkono, akasema ni karatasi za Salah, akaenda zake. Hakueleza zaidi kwa kuwa naye hakuelezwa.

Njiani mtungi mmoja ulikuwa umevuja. Mfuko lilimosafiria jarida ulilowa maziwa, yakachachuka kwa joto.

Alasiri nilikwenda kumpelekea Qali nguo yake niliyokuwa nimeipunguza. Nilimkuta ameketi mkekani, ananukia udi, uso wake umetulia kama wa mtu aliyemaliza deni.

"Karibu, fundi," alisema. "Leo Allah amenipa thawabu. Dereva ameleta karatasi ya Salah, imelowa maziwa yote, inanuka, inakatika kwa mkono. Nimeweka karibu na jicho hivi, nikaona Bismillahi ya dhahabu. Aya ya Mungu na uchafu kama huo, hapana. Nimekausha kidogo, nimechoma vizuri, nimezika kwa mti."

Nilikaa mkekani kando yake. Nikamuuliza kama iliyobaki ipo, hata kipande.

"Yote," alisema. "Kwani nusu inachomwa?"

Wahenga walisema nia njema ni tabibu. Hawakufika Garissa Ijumaa ile. Nilimtazama mama wa watu, na lile jicho lake lenye ukungu, nikafikiri kwamba alikuwa amemshika dada yake mikononi, uso kwa uso, na hakumwona. Niliaga kwa kisingizio cha kazi, nikalia njia nzima mpaka dukani.

Salah alirudi kutoka Tarbaj na vumbi lake. Mulki alikuwa ameshamwambia kwa simu kuwa mzigo umetoka, basi aliingia dukani kwangu kabla ya kwake, anacheka, anaulizia mfuko. Nilimwambia papo hapo. Jambo kama hilo ukilipamba unaliongeza.

Aliketi juu ya katoni ya dawa aliyorudi nayo. Nilidhani atasema neno kali, na ningemwelewa. Aliponyanyua uso aliuliza, "Mkono wake haukuungua? Haoni vizuri, na moto wa karatasi unaruka."

"Haukuungua."

"Alhamdulillahi." Kisha akaongeza: "Usimwambie, abaayo. Akijua, hatalala tena mpaka kaburini. Mimi sikumjua yule mama. Yeye alimjua."

Hapo ndipo alipolia, na mimi nilishusha pazia la duka ili soko lisimwone.

Nilitegemea ataiacha tovuti. Hakuiacha, ila aliifanyia kazi kama mtu anayekula bila njaa. Wagonjwa waliendelea kuja, pasi yangu iliendelea kuwapita, lakini sasa alivuta hewa kama kawaida, na mimi nilikosa cha kumtania. Mfuko wa mahameli ulibaki kwangu, umening'inia msumarini. Hakuuomba, nami sikuwa na moyo wa kuufumua.

Mwaka huu wakaja madaktari wa macho, na habaryar Qali akatolewa mtoto wa jicho, ule ukungu wake. Bandeji ilipoondolewa alianza kutazama kila kitu kwa uroho. Alinitazama mimi, akasema hakujua kuwa nimenenepa hivi. Siku moja akaja dukani kwa miguu, ameshika fimbo kwa mazoea tu, akadai kuonyeshwa hiyo kazi ya kompyuta ambayo amekuwa akiichomea takataka miaka yote.

Salah alimkalisha kwenye kiti chake. Mimi nilisimama mlangoni. Mama yule hakusoma hata siku moja, herufi azijuazo ni za msahafu, lakini sura za watu alizisoma zote. Huyu alikuwa akituuzia chai. Huyu alimwacha mkewe. Aa, kisima hiki, maji yake yalikuwa chumvi. Alicheka, akapiga goti lake, akataka nyingine.

Ndipo wakafika kwenye mraba wa kijivu.

Kisomali nakijua cha sokoni na cha msibani, na walichosema nilikielewa chote.

"Hapa mbona hakuna picha?"

"Hapa ni lile la Idd, habaryar."

Qali aliuweka mkono wake juu ya kioo cha kompyuta, taratibu. Chini ya mraba palikuwa na maneno ambayo Salah aliyaandika wiki ile aliyorudi kutoka Tarbaj, na ambayo mimi nimeyasoma mara nyingi: Nakala moja ilipatikana, Modogashe. Ilichomwa kwa heshima na dada wa aliye pichani, ikazikwa Garissa.

"Na hapa chini pameandikwa nini?"

Salah alikohoa kidogo. "Pameandikwa: bado inatafutwa."

"Usichoke," alisema Qali, na macho yake mapya yalikuwa yanang'aa. "Sasa naona. Ikija tu, niite. Nitamjua mara moja."

"Nitakuita, habaryar," alijibu.

Nilirudi kwangu, nikakanyaga cherehani isiyo na kitambaa, ili wasinisikie nikilia.