Baragumu la Lorene

Kwa miaka ishirini na sita Verlin Stuckey alitembea kando ya mfereji wa Tolliver, Ohio, akiongoza nyumbu anayevuta boti ya watalii, kwenda maili moja na kurudi maili moja, na kama alivyopenda kusema mwenyewe, hakuwahi kufika popote. Kamba ndefu ilitoka kwa mnyama hadi kwenye boti, na huko nyuma, kwenye usukani, alisimama mkewe Lorene. Wapo wenye sauti ya kumtoa nyoka pangoni. Ya Lorene ilimrudisha.

"Verlin! Hiyo kofia imekukaa kama sufuria lililokanyagwa!"

"Wewe mwanamke, tazama mbele!"

"Mbele kuna nini? Makalio mawili tu, na ya Bernice ndiyo mazuri!"

Abiria walicheka mpaka boti ikayumba. Verlin hakugeuka. Mwongozaji akigeuka, nyumbu naye hugeuka, kamba hulegea, boti ikaenda kujigonga ukingoni. Basi ndoa yao, mchana kutwa, ilikuwa ya mgongo na sauti.

Huyo Bernice ndiye nyumbu mwenyewe. Kwa kuwa watalii hawaishi kelele, Verlin alimfunza asiondoke kwa amri ya mtu yeyote, hata yake mwenyewe. Aondoke tu akisikia baragumu la bati la Lorene, milio miwili mirefu na mmoja mfupi. Alijisifu sana kwa hilo. Akili nyingi huondoa maarifa.

Januari, Lorene akafa. Verlin akaliziba baragumu pande zote mbili kwa nta, akalitundika jikoni. Mtu wa mwisho kulipuliza alikuwa Lorene, Oktoba, safari ya kufunga msimu. Pumzi yake ilikuwa mle ndani. Ni upuuzi, alijua. Huna haja ya kumwambia.

Mei, msimu ukafunguliwa. Usukani ukashikwa na Darcy, binti mpole mwenye baragumu jipya la dukani. Alipuliza mpaka mashavu yakawa kama nyanya. Bernice akatafuna hewa, akatulia kama sanamu. Ikawa hivyo Jumamosi mbili, abiria wakirudishiwa tiketi zao.

Jumamosi ya tatu alikuja Ruppert, mwenyekiti wa kamati ya mfereji.

"Verlin, leo ndiyo mwisho. Asipoondoka, Jumatatu tunaifunga boti injini, na huyu anaenda mnadani."

"Nani atanunua nyumbu wa miaka thelathini? Hata mimi sinunuliki."

"Kuna watu hununua kwa kilo," Ruppert alisema, akitazama viatu vyake.

Verlin alikwenda kwenye gari. Baragumu lilikuwemo, limefungwa ndani ya sweta la Lorene. Tangu Jumamosi ya kwanza alilibeba, na kila mara akarudi nalo. Alikwangua nta kwa kisu. Akaliweka kwanza sikioni. Kimya. Alitegemea nini, mzee mzima?

Akarudi kwa Bernice, akapuliza. Miwili mirefu, mmoja mfupi.

Bernice alisimamisha masikio. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: aligeuza kichwa, akatazama usukani. Verlin naye akageuka. Wakatazama wote wawili, muda mrefu, na aliyekuwa pale ni Darcy.

"Twende, mama," Verlin alimnong'oneza nyumbu. "Mbele tu."

Bernice akavuta. Kamba ikakaza, boti ikateleza, abiria wakapiga makofi. Baragumu lilimgonga Verlin ubavuni kila hatua. Sasa mle ndani mlikuwa na pumzi yake yeye, na harufu ya kahawa.

Wakapita daraja la kwanza. Hakuna aliyemtukana. Mwishowe Darcy, aliyetaka kumfariji, aliita kutoka nyuma:

"Babu Verlin! Kofia yako imekukaa vizuri sana!"

Verlin aliivuta kofia hadi kwenye nyusi, akaendelea kutazama mbele.