Hedifoni ya Sikio Moja

Ile ofisi ilikuwa juu ya duka la vipuri, upande wa Chapwa, dirisha lake moja likitazama barabara ya mpakani. Ukisimama pale asubuhi uliona foleni ya malori mpaka macho yanachoka, madereva wamejitanda blanketi mabegani kwa ule upepo wa mwezi wa saba, wengine wanachemsha chai kando ya tairi. Nimeishi miji mingi tangu nimalize kidato cha nne, na karibu yote nimeiacha bila kuaga. Tunduma ndio ninaoukumbuka zaidi. Na nikiukumbuka, kinachonijia kwanza si mpaka wala malori. Ni kiti kimoja chenye mto wa kitenge, na mama aliyekuwa anakikalia.

Alikuwa mpokea simu wa kampuni ya uwakala wa forodha. Kampuni ilishughulikia karatasi za mizigo inayovuka kwenda Zambia na Kongo, na yeye kazi yake ilikuwa kumjibu kila dereva na kila mwenye mzigo aliyepiga kuuliza kama karatasi zake zimetoka. Alikaa pale tangu enzi za faksi. Kiswahili chake kilikuwa na mkokoto wa Kinyiha. Akimalizana na dereva wa Mbeya anaingia na Mzambia kwa Kibemba, "Muli shani, batata," yaani hujambo, baba, huku mkonga wa simu ameubana kati ya shavu na bega la kulia, mkono unaandika namba ya lori daftarini. Simu yenyewe ilikuwa ya mezani, rangi ya maziwa yaliyochacha, waya wake umefungwa utepe mweusi sehemu mbili. Hakuwahi kukosea namba. Madereva walimletea samaki wakavu kutoka ng'ambo.

Mimi nilifika na maboksi matatu. Ilikuwa mwaka mmoja kabla ya uchaguzi, wakati huo Tunduma bado iko Mkoa wa Mbeya, na intaneti ya waya ilikuwa imeanza kuzoeleka. Kabla ya hapo nilikuwa nimeuza vocha, nimechimba dhahabu karibu na Mkwajuni nikaambulia kikohozi, kisha nikajifunza kompyuta kwa kukaa tu kwenye duka la intaneti. Watu wa Dar waliokuwa wanauza huduma mpya ya simu za ofisi walinipa mkataba mfupi: nifunge vifaa, nifanye majaribio wiki tatu, nifundishe watumiaji, siku ya uzinduzi bosi wa kampuni asaini fomu, nichukue changu niondoke. Kuondoka ndiko nilikokuwa nakusubiri. Rafiki yangu alikuwa ananiita nimfuate Ndola, huko Zambia.

Huduma yenyewe ilikuwa simu inayopita kwenye intaneti. Ofisini hapakuwa na mtambo wowote. Mitambo ilikuwa mbali, kwenye kompyuta za watu tusiowajua, na wenyewe huko wanapaita wingu. Mteja angepiga namba moja, angebonyeza moja kwa Kiswahili au mbili kwa Kibemba, na simu ingeingia kwenye kompyuta ya mpokeaji, ambaye angesikiliza kwa hedifoni huku vidole vikiandika.

"Mitambo iko mawinguni," bosi aliwaeleza wafanyakazi, akionyesha dari.

"Sasa bosi, masika je?" akauliza karani mmoja kijana, mwenye mdomo kuliko wote. "Mawingu yakishuka si tutapigiwa na malaika?"

Wakacheka. Yule mama alikuwa ameishika hedifoni anaigeuzageuza. Ilikuwa na kisikilizio upande mmoja tu, upande wa pili kipande cha plastiki cha kuegemea kichwani, na kimkono chembamba cha maiki.

"Fundi," aliniambia, "hii ina sikio moja. La pili mmeliuza njiani?"

Walicheka kuliko mwanzo. Mimi sikupenda. Nilikuwa nimezoea kuitwa fundi kwa heshima, na pale nikajiona mchuuzi aliyekamatwa na mali pungufu. Jioni ile nilijaza fomu ya kukabidhi. Palikuwa na mstari unaosema mtumiaji amefundishwa kuvaa na kurekebisha hedifoni. Nikauwekea alama ya vema. Karatasi ya maelekezo ilikuwa bado chini ya boksi, haijafunguliwa.

Ili waya ufike, niliihamisha meza yake. Zamani alikaa ukuta ukiwa kushoto kwake na watu wote kulia. Sasa ukuta ukawa kulia, na sisi sote tukawa kushoto. Hakuna aliyelitilia maanani jambo hilo, ila yeye alisimama akaitazama meza muda mrefu, akauliza kama haiwezi kurudi ilipokuwa. Nikasema waya haufiki.

Majaribio yalianza. Mimi na karani tuliingia chumba cha stoo na simu zetu za mkononi, tukapiga kama madereva na kumsomea namba za malori, naye aziandike kwenye kompyuta. Mambo yakaharibika tangu simu ya kwanza. "Rudia, baba." "Rudia tena." "Mtandao unakata." Namba zilitoka na matundu, herufi zimeruka. Nikipiga kwenye ile simu ya zamani, nikasoma namba zilezile, alizipata zote bila kurudia. Kwa hiyo sote tuliamini ni mtandao. Niliwapigia Dar, wakakagua huko kwao, wakasema laini haina doa.

Siku ya pili au ya tatu nilimkuta ameivaa hedifoni kinyume. Kisikilizio kimekwenda sikio la kulia, lakini maiki imeelekea kisogoni, na ukimpigia unamsikia kama mtu aliye ndani ya pipa.

"Mama, usichezee kifaa," nikamwambia. "Kikivunjika ni chako."

Akairudisha kushoto.

Wiki ya tatu bosi alikuwa ameshawaalika wenye malori waje Jumamosi kuona huduma inavyofanya kazi. Wafanyakazi walikuwa wameshonewa sare za kitenge. Alhamisi asubuhi bosi akamvalisha karani hedifoni, akanituma stoo nisome namba. Karani alizipata zote.

"Kwa hiyo ni mashine au ni mtu?" bosi aliniuliza. "Nataka jibu kesho, kwa maandishi."

Mchana ule mama alikuwa mezani kwake anakula karanga za kuchemsha kwenye gazeti. Nilianza kufikiria meza, ukuta, lile bega la kulia. Nikamsogelea kwa nyuma, upande wa kushoto, hatua mbili hivi, malori yakinguruma nje, nikasema kwa sauti ya kawaida, "Mama." Akaendelea kumenya. "Mama, bosi anakuita." Akatupa ganda.

Karani aliona ninachofanya, akaja taratibu huku amejiziba mdomo. "Mama, nyumba yako inaungua," akasema. Wengine wakaacha kazi. Bosi alitoka akasimama mlangoni kwake, mikono kifuani. Karani akamwangalia bosi, akaona anatabasamu, akapata nguvu.

"Wewe kizee kiziwi," akasema, "hizo karanga zenyewe zimeoza kama sikio lako."

Chumba kizima kikalipuka. Mama akainua uso, akaona meno ya watu, akajifuta mdomo kwa kiganja na kucheka na yeye.

"Jamani, mnacheka nini? Nimejipaka karanga?"

Hapo ndipo tulipocheka mpaka mtu mmoja akakaa chini. Nasema tulicheka kwa sababu na mimi nilicheka. Bosi aliingia ndani akafunga mlango, na nilimsikia akikohoa kwa kicheko. Mama aliendelea kutabasamu kidogo, akitutazama mmoja mmoja, na tabasamu lile likawa linapungua polepole, mpaka likafika kwangu likaisha.

Jioni alinisubiri kwenye ngazi. Alisimama upande ambao ungeniweka kulia kwake.

"Kaka, umeshajua."

Nikaegemea ukuta.

"Lilitoka usaha nikiwa mtoto, kule Ihanda. Bibi akalimiminia mafuta ya moto ili nipone. Tangu hapo ni pambo tu." Alilishika sikio la kushoto akaliachia. "Miaka yote hakuna aliyejua. Simu nilikuwa naweka upande wangu, basi."

"Sasa unataka nifanye nini, mama?"

"Andika ni mtandao. Kila mtu anasema mtandao, hakuna anayebisha. Wakileta hedifoni ya masikio mawili, nitafanya kazi kuliko hao wanaocheka. Nikitoka hapa, mtu wa simu mwenye sikio moja, ataniajiri nani? Nina mtoto yuko kidato cha tatu."

"Nitaangalia," nikasema.

"Asante, kaka. Mungu akuone."

Nilirudi juu kufungasha maboksi matupu. Chini ya mojawapo palikuwa na ile karatasi ya maelekezo. Ilikuwa ya Kiingereza, lakini ukurasa wa kwanza ulikuwa picha tupu: kichwa cha mtu amevaa kushoto, kichwa cha mtu amevaa kulia, na katikati mshale unaozungusha kimkono cha maiki. Nikaichukua hedifoni pale mezani kwake. Kimkono kilikuwa kigumu, kinafika mahali kinagoma kama kitavunjika. Nikakisukuma. Kikalia tak, kikapita, kikageuka upande wa pili. Nikaivaa kulia. Maiki ikakaa mdomoni barabara.

Haikuchukua hata nusu dakika. Kesho yake asubuhi ningemwita tu, "Mama, njoo uone," na mambo yangekwisha.

Lakini kesho yake asubuhi bosi angeuliza kwa nini wiki tatu zimepotea kwa kitu cha nusu dakika. Na Dar wangeuliza kuhusu ile alama ya vema. Nilikaa kwenye kiti chake, juu ya ule mto wa kitenge, nikayapima yote mawili, na sitadai kwamba nilipata shida sana. Nilikigeuza kimkono mpaka kikalia tak, nikakirudisha kushoto kama kilivyokuwa. Karatasi nikaikunja nikaitia mfukoni.

Ijumaa nilimpa bosi taarifa ya mistari mitatu. Laini ni safi. Hedifoni ni nzima. Mpokeaji hasikii. Hakuna mstari uliokuwa wa uongo.

Bosi alisoma, akaiweka chini ya kikombe. "Basi tuijaribu simu yenyewe," akasema. Akabonyeza namba ya meza ya mama, mlango wake ukiwa wazi. Nilikuwa nimesimama mbele yake. Kule nje kompyuta ikaita, mama akavaa hedifoni.

"Ofisi, karibu."

"Mama, mimi hapa. Kuanzia leo kazi imekwisha. Kabidhi funguo na sare."

"Samahani, bosi, sijakupata. Rudia."

"Nimesema kazi imekwisha. Kabidhi funguo na sare."

"Bosi, mtandao unakata. Rudia tena, tafadhali."

Karani aliinamia meza yake, mabega yanatikisika. Mama alikuwa ameikandamiza hedifoni kwa mikono yote miwili, macho ameyafumba, kama anayetaka kuiingiza sauti kwa nguvu. Bosi akairudia mara ya tatu, taratibu, kwa upole kabisa, akinikonyeza.

"Naomba unisamehe, bosi, neno la mwisho tu ndilo—"

"Nimekufukuza kazi!" bosi akapiga kelele.

Hiyo haikupitia kwenye wingu. Ilitoka mlangoni, ikagonga ukuta wa kulia kwake, na sikio zima likaipokea. Alifumbua macho. Akaivua hedifoni taratibu, akaiweka mezani, akaunyoosha waya wake usikunjike. Funguo alikuwa nazo shingoni. Sare alikuwa nayo kwenye mfuko wa plastiki chini ya meza, alitoka kuichukua kwa fundi cherehani asubuhi hiyohiyo.

Jumamosi wenye malori walikuja, wakanywa soda, wakapiga makofi. Mpokea simu mpya alikuwa binti wa ukoo wa bosi, aliyefika usiku kutoka Mbeya. Alivaa sare ya mama, imebanwa mgongoni kwa pini kwa sababu ilikuwa pana. Nywele zake zilisukwa na kufungwa fundo kubwa upande wa kushoto. Alipoivaa hedifoni ikagonga fundo. Akaivua, akakishika kile kimkono, tak, akakigeuza, akavaa kulia. Wala hakutazama anachofanya.

"Kumbe inageuka?" karani akasema.

"Si zote zinageuka?" binti akajibu.

Bosi alinitazama kwa muda. Kisha akachukua kalamu, akasaini fomu yangu. "Wewe fundi," akasema, "wewe ni mtu mbaya." Alilisema kama sifa, akaenda kwa wageni wake.

Wageni walikuwa bado hawajamaliza soda mama alipopanda ngazi. Alikuwa amefuata mto wake. Binti akauinukia, akampa kwa mikono miwili, akamwamkia shikamoo. Mama akaitikia, na akabaki amesimama, anakitazama kichwa cha yule binti.

"Mwanangu, hiyo umeivaaje?"

"Hivi tu, mama. Unageuza hapa." Akaivua akamwonyesha. Tak, kushoto. Tak, kulia. "Jaribu."

Mama aliuweka mto kwapani, akaipokea, akaiweka kwenye sikio lake la kulia. Binti akabonyeza kitu kwenye kompyuta, na ile sauti tuliyoirekodi ikaanza kumkaribisha mteja, moja kwa Kiswahili, mbili kwa Kibemba. Mama aliisikiliza mpaka mwisho. Aliivua, akaunyoosha waya.

"Nimesikia vizuri," akamwambia binti. "Asante. Fanya kazi, mwanangu."

Njia ya kutokea ilipita mbele ya meza niliyokuwa nafungashia vifaa vyangu. Alifika hapo akasimama. Hakunitukana. Aliinamisha kichwa kidogo, akanigeuzia lile sikio la kulia, akasubiri, kama alivyokuwa akimsubiri dereva anayetafuta namba ya lori lake.

Mfukoni nilikuwa na ile karatasi. Niliinama nikaendelea kukunja waya.