Plasta ya Seva ya Visima

Naikumbuka Jumatatu ile, mwanangu, na hata ningetaka kuisahau, kuna kipande cha plasta kwenye jenereta yetu kinachonikataza. Tutafika huko. Jana uliniuliza, tena mbele ya wenzako, kwa nini bado tunabandika plasta kwenye seva na kuandika kwa mkono wakati mfumo unazitambua wenyewe. Nikakujibu kwa mkato: bandika tu. Halikuwa jibu la mtu mzima. Leo nakujibu.

Mnaniita Mzee Daudi, nami hata hamsini sijafika! Lakini sawa, katika kazi hii aliyeikuta enzi ya kupakia seva kwa CD ni mzee. Wakati ule nilikuwa nimetoka chuoni, shati limechomekwa, mdomo mwepesi. Kituo chetu hapa Dodoma kilitunza taarifa za ofisi nyingi, na zilizokuwa na uzito kuliko zote ni vipimo vya visima: maji yako kina gani Makutupora, yameshuka kiasi gani Chamwino, kijiji kwa kijiji. Kwa nchi kavu kama hii yetu, hayo si mambo ya mchezo.

Kazi niliyopewa ndiyo hii unayoifanya wewe sasa. Zamani seva mpya ikiletwa, mtu alikaa mbele yake nusu siku akiipakia mfumo. Mimi nikatakiwa niziandae zote nikiwa mezani. Seva tupu inafungwa kwenye kabati, inachomekwa umeme na waya wa mtandao, naitumia amri ya kuwaka, au kuwaka upya kama imeshawaka. Ikiwaka inaulizia mtandaoni, seva kuu inaijibu, inazifuta diski zake zote, inaipakia mfumo, basi, imeshaingia kwenye wingu letu wenyewe, yaani kundi la seva zinazofanya kazi kama moja. Seva kuu ilizitambua kwa namba iliyo kwenye ubao wa saketi ulio ndani ya kila moja, na namba hizo niliziorodhesha mimi. Niliipenda orodha ile, acha tu.

Mkuu wa chumba cha seva alikuwa Mama Sechelela, Mgogo wa Chamwino, binti wa mfugaji, asiyevua sweta kwa ajili ya baridi ya chumba kile. Kila alipoigusa seva alikata plasta nyeupe, hii ya kufungia vidonda, akaibandika mbele na kuandika alichofanya. Chumba kizima kilikuwa kama wodi ya majeruhi. Nikamcheka. Nikamwambia, "Mama, siku hizi habari zote ziko kwenye orodha."

"Orodha umeiandika lini?" akaniuliza. "Mimi plasta nimebandika leo."

Sikumwelewa, wala sikujisumbua. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao, lakini kijana wa chuo unamwambia nini kuhusu mbachao?

Alhamisi moja Mama Sechelela akapata msiba kwao, akaondoka. Ijumaa tukaambiwa wageni wakubwa wanakuja Jumatatu kukagua kituo. Nikaona haya kwa niaba ya ofisi nzima. Nikaingia chumbani, nikazibandua plasta zote na kuzitupa kwenye ndoo ya taka. Hata moja sikuisoma. Kabati zikang'aa, mwenyewe nikajipongeza.

Jumatatu asubuhi nilikuwa na seva mpya sita za kuandaa. Nikatuma amri kutoka mezani. Sita zikajibu, sita zikafutwa, sita zikaanza kupakiwa. Nikapiga makofi peke yangu kama mwendawazimu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi hata kunyanyuka kwenye kiti sikunyanyuka. Chumba chenyewe kilikuwa hatua ishirini.

Haikupita robo saa, umeme ukakatika. Jenereta ikachelewa kuwaka na chumba chote kikazimika. Umeme uliporudi, seva ziliamka vizuri, ila vipimo vya visima havikuonekana. Diski ilikuwa nyeupe.

Lawama ikaangukia kwa Ramadhani, fundi wa jenereta, mtu wa Kondoa, mpole kupita kiasi. Jenereta ilishachelewa mara nyingine mwezi ule, na Mkurugenzi alikuwa na wageni wa kuwaeleza. Akasema umeme ndio uliounguza diski, na kwamba barua ya kumwachisha Ramadhani kazi angeisaini Jumatano saa nane mchana. Ramadhani hakubisha. Aliinamisha kichwa akasema, "Nisameheni wakubwa zangu," kwa sababu aliamini kweli ni yeye.

Mchana ule nikaingia kuzitazama seva zangu mpya. Tano zinawaka, ya sita kiza. Nikaifungua. Ndani hamna ubao! Nikakimbilia ndoo ya taka, bahati ilikuwa haijamwagwa, nikazifukua plasta mpaka nikaiona, kwa mwandiko wa Mama Sechelela: "Seva ya visima. Ubao wa mpya ya sita uko humu. USIFUTE." Kumbe wiki iliyotangulia seva ya visima iliharibika ubao, naye akaiokoa kwa kuihamishia ubao wa ile mpya. Namba kwenye orodha yangu ilikuwa imeshahamia seva nyingine. Kati ya sita zilizojibu, moja ilikuwa ya visima. Nilivifuta mimi.

Nikaitia plasta mfukoni, nikauchuna. Jumatatu ile, na Jumanne yake nzima. Nilipishana na Ramadhani mlangoni, akanisalimu, nikamwitikia. Mwanangu, hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kule kumwitikia kama vile hakuna kitu.

Jumatano Mama Sechelela akarudi. Akazunguka kabati zake, kisha akaja mezani kwangu.

"Shikamoo, Mama. Poleni na msiba."

"Marahaba. Tumeshapoa. Plasta zangu ziko wapi?"

"Nilizibandua. Kwa ajili ya wageni."

"Na ya visima ilisemaje?"

Nikaitoa mfukoni. Akaisoma taratibu, ingawa aliiandika mwenyewe. Akavuta kiti.

"Baba yangu alikuwa akiwakata ng'ombe wake alama masikioni," akasema. "Siku ya kuchinja alikwenda zizini kwa miguu yake, akashika sikio kwa mkono wake, ndipo aliporuhusu kisu. Hata ng'ombe aliyemzalisha mwenyewe! Maana ukishachinja huwezi kusema nilidhani ni yule. Wewe umechinja umekaa kwenye kiti. Hilo nakusamehe, kazi hufundisha. Lakini kisu chenye damu umemwachia Ramadhani mkononi. Hilo si langu kusamehe. Barua inasainiwa saa nane, sasa ni saa saba na nusu. Mimi sitakusemea."

Akaondoka. Nikaenda. Ramadhani alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya mlango wa Mkurugenzi, amevaa shati lake la sikukuu. Alikuja kufukuzwa kazi akiwa nadhifu. Niliingia nikasema yote, nikaiweka plasta mezani. Mkurugenzi alifoka mpaka sauti ikamkauka, kisha akaichana barua ya Ramadhani na kuanza kuandika yangu, ya onyo kali.

Nilipotoka nikamweleza Ramadhani palepale kwenye benchi.

"Siku mbili, mdogo wangu," akasema. "Siku mbili namwambia mke wangu nimeyapoteza maji ya watu."

Nikalia, sikuficha.

Nakala ya akiba ilikuwepo, lakini ya wiki tatu nyuma. Vipimo vilivyobaki nilivifuata mwenyewe vijijini kwenye madaftari ya wapima visima, nikaviingiza kimoja kimoja. Mama Sechelela alibandika plasta upya, mimi nikimshikia mkasi. Ramadhani hakuongea nami kwa muda mrefu. Alichofanya ni kuomba kipande cha plasta, akakibandika kwenye jenereta, akaandika: "SI MIMI." Ofisi nzima ilicheka. Mimi pia nilicheka, kwa shida.

Basi nasaha zangu ndizo hizi. Kabla hujafuta kitu, nyanyuka, kaitazame mashine yenyewe. Orodha hueleza jana. Mkono wa mwenzako huenda umepita leo. Alichoandika aliyekutangulia kisome kwanza, hata kikiwa na sura mbaya. Na ukikosea, kwa maana utakosea tu, sema siku hiyohiyo. Mficha uchi hazai. Kosa la mashine lilinigharimu wiki kadhaa za kuandika. Siku mbili za kunyamaza sijazimaliza kulipa.

Ramadhani alishastaafu, yuko kwao Kondoa, na sikukuu zikifika tunapigiana simu. Plasta yake bado iko pale kwenye jenereta. Jua la hapa hufifisha wino, kwa hiyo kila mwaka naukoleza mimi, kwa mkono wangu: si mimi. Mpaka leo hakuna kati yenu vijana aliyeniuliza basi ni nani. Wewe sasa unajua.

Mungu akupe miguu isiyo mizito kunyanyuka na ulimi usiochelewa kukiri, na asikuletee mtu wa kukaa kwenye benchi kwa ajili yako. Plasta na mkasi viko kwenye droo yako. Anza na ile ya visima.