Visheti vya Bi Nasriya vilivyokaribia kumponza kaka yake

Saa kumi na moja na robo alfajiri. Swala imeshaswaliwa, na katika jiko la Bi Nasriya, mtaa wa Hail jijini Muscat, Oman, shira inachemka. Hageuki kumtazama mgeni.

"Karibu, kaa hapo. Shira hii nikiipa kisogo tu, imeshaungua," anasema.

Pembeni yake, Cissy Nabaggala, mwanamke wa Masaka, Uganda, anaepua visheti kwenye mafuta. Vinatumbukizwa kwenye shira na kuvurugwa kwa mwiko hadi sukari inaganda na kuvivisha kanzu nyeupe. Harufu ya iliki inatoka dirishani. Wateja wake huapa kwamba siku moja ndege iliyokuwa ikitua ilizunguka Hail mara mbili kwa sababu rubani alikataa kuiacha harufu hiyo. Bi Nasriya halithibitishi hilo. Halikanushi pia.

Ana miaka sitini na sita. Kwa siku za kawaida huuza kilo sita, rial mbili kwa kilo, na humo atoe samli, gesi na mshahara wa Cissy. Hakuna utajiri, lakini kila akiketi kupumzika hutamka alhamdulillahi kabla ya kuvua kanga kichwani.

Ufundi huu hakufunzwa na mama yake. Mama alifariki Unguja, Nasriya akiwa na miaka tisa, akabaki na kaka yake Thabit, kijana wa miaka kumi na saba. Thabit ndiye aliyemsuka nywele, vibaya sana kwa kukiri kwake mwenyewe. Ndiye aliyesimama jikoni akikaanga visheti vya kuuza huku vijana wenzake wakipita dirishani wakimwita bi harusi. Nasriya alikaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akiitazama mikono yake.

"Kila nilichonacho kimetoka kwenye mikono ile," anasema.

Baadaye yeye aliletwa Muscat na shangazi, na Thabit akaenda Uingereza kusomea uuguzi. Alioa huko, akazika mke huko, na sasa anaishi peke yake Wickley, kijiji chenye kanisa moja, baa moja na, kwa hesabu yake, kondoo mia nne kwa kila mpiga kura. Macho yake hayamruhusu tena kuendesha gari. Hospitali anakodungwa sindano za macho iko mjini, mwendo wa saa nzima, na kinachomfikisha ni basi dogo linalolipiwa na halmashauri ya wilaya, Jumanne na Ijumaa.

Mwaka jana halmashauri ilitangaza kwamba inataka kulifuta basi hilo. Thabit alimwambia dada yake kwa simu kwamba likifutwa, itabidi ahamie mjini, kwenye nyumba ya kulelea wazee.

"Neno hilo lilinikata maini," anasema Bi Nasriya. "Kaka yangu kanilea mie, halafu yeye akalelewe na watu wa zamu?"

Thabit, mwenye miaka sabini na nne, alichukua fomu ya kugombea udiwani. Mpinzani wake alikuwa mfugaji wa kondoo aliyekikalia kiti hicho miaka kumi na sita na ambaye hakuliona basi hilo kuwa na maana yoyote.

Kilichofuata kingeweza kufanywa na familia yoyote ya Hail. Hapa mtu haombwi kitu kabla hajawekewa kahawa na cha kutafunia. Bi Nasriya hakuweza kumfikiria kaka yake akibisha hodi nyumba za watu mikono mitupu. Cissy alimuunga mkono kwa nguvu zote.

"Kwetu, mgombea asiyeleta sukari na sabuni, hata mke wake anamnyima kura," anaeleza Cissy, na bado anaamini hivyo.

Wawili hao walikaanga jioni tatu, baada ya kazi ya wateja. Walifunga kilo saba katika vifuko mia na arubaini, na ndani ya kila kifuko Cissy akatia kikaratasi chenye picha ya Thabit na maneno aliyoyaandika kwa Kiingereza: Kula, ukumbuke. Sanduku likapelekwa kwa ndege.

Lilifika Thabit akiwa kwenye kampeni, likapokelewa na jirani yake, bibi mmoja aitwaye Maureen, ambaye alikuwa ameahidi hadharani kumpigia kura. Thabit akamwambia kwa simu afungue, aonje. Maureen anakiri kuwa alionja vitatu. Baadaye amekiri kumi na kimoja.

Jioni hiyo wakala wa Thabit, mwalimu mstaafu, aliona sanduku, akasoma kikaratasi, akaketi kwenye ngazi. Akaeleza kwamba kwa sheria ya kule, mgombea akimlisha mpiga kura ili ampe kura, ni kosa. Anaweza kupoteza kiti na kufikishwa mahakamani.

Thabit akapiga simu Hail.

"Nasriya, mwanangu," alisema, "umenipikia kesi."

Kwa siku mbili jiko halikuwashwa. Bi Nasriya anasema aliona kwamba ametaka kumshika mkono kaka yake, akamsukuma yeye mwenyewe kwenye ile nyumba ya wazee.

Sanduku lilifungiwa katika gereji ya wakala. Lakini Wickley ni kijiji, na habari zikaenea kwamba mgombea mmoja ana sanduku asiloruhusiwa kulifungua. Watu walitoka kumuuliza kuna nini ndani. Thabit, mtu mkweli, aliwajibu kuwa hawezi kusema hadi kura zote zipigwe. Anasimulia kuwa waliojitokeza siku ya kupiga kura walikuwa wengi hadi penseli za kituoni zikaisha. Wakala wake anasema walikuwa mia saba sabini na nne.

Ijumaa, Muscat watu wakirudi kutoka msikitini, kura zilihesabiwa. Jikoni Hail, Bi Nasriya alikuwa akisoma Yasini upande mmoja wa meza na Cissy akiomba kwa Kiganda upande wa pili.

Ujumbe wa kwanza wa Thabit ulisema: kila mmoja kapata 387. Zilihesabiwa tena mara mbili, hazikubadilika. Ujumbe wa pili ulikuwa mzito zaidi. Maureen hakupiga kura. Alimwambia Thabit kwamba hakutaka ulimwengu useme kura yake ilinunuliwa kwa unga na sukari.

"Kura moja," anasema Bi Nasriya. "Nikajua ilikwenda wapi. Niliikaanga mwenyewe."

Sheria ya kule ikasema ipigwe kura ya bahati. Majina mawili yatiwe ndani ya chombo, msimamizi achomoe moja. Bi Nasriya anashikilia kwamba chombo hicho kilikuwa sanduku lake la visheti lililotolewa gereji, na kwamba wahesabu kura walikuwa wamevimaliza vyote, kwa kuwa kura zilikwisha pigwa na sasa ilikuwa halali. Thabit anasema kilikuwa kisanduku cha plastiki. Dada yake hataki kusikia.

Simu ililia saa kumi kasorobo.

"Nimepita, mwanangu," Thabit alisema. Aliyelia kwanza ni Cissy.

Julai halmashauri ilipiga kura, na basi likabakizwa kwa miaka mitatu. Tangu hapo, kila mwezi, kilo moja ya visheti hutoka Hail kwenda kwa Maureen, baada ya Thabit kumuuliza wakala kama inaruhusiwa.

"Yule bibi namwombea dua kila swala," anasema Bi Nasriya. "Hanijui, simjui, na kajinyima haki yake ili kaka yangu asichafuke."

Sasa ameomba viza. Cissy atabaki na jiko kwa wiki tatu. Watu wa Hail wamemshauri aanzie London, akaone majumba na maduka. Anatikisa kichwa huku akikung'uta sukari mikononi.

"Nnataka Jumanne moja tu. Nikae na kaka yangu kwenye basi lile, tushuke hospitali, nimshikie koti akidungwa sindano, turudi naye kwake."