Karibu ya Mama Pindo

Kila asubuhi, kabla ya kukanyaga pedali ya cherehani, Mama Pindo humshukuru Mungu kwa macho yanayoona tundu la sindano, kwa binti yake, na kwa mdomo wake usio na breki. Hilo la mdomo huwashangaza watu, maana mdomo huo umemgombanisha na nusu ya mtaa. Lakini ana sababu, na sababu yenyewe ndiyo hii.

Jina la Pindo alibandikwa na wateja. Mpelekee nguo iliyoshonwa na fundi mwingine, ataigeuza ndani nje, atazame pindo, agune, hata kama umekwenda kuweka kifungo tu. Yeye na bintiye walipanga chumba kwenye nyumba ya vyumba vinavyotazamana, ua katikati, bomba moja kwa wote. Cherehani ilikaa mlangoni ipate mwanga, naye akakaa nayo, kwa hiyo hakuna aliyepita uani bila kupimwa kwa macho.

Kanisani alikuwa mwenyekiti wa akina mama. Kila Krismasi waliwapelekea wafungwa sabuni na mikate, na yeye ndiye aliyesimama mbele ya nondo na kusema, kwa sauti inayofika ukuta wa nyuma, "Ndugu zangu, hatujawasahau!" Akina mama walilia, naye alilia. Kisha walirudi makwao, na ndugu hao wakasubiri Krismasi nyingine. Simcheki. Wengi wetu huruma yetu tunaifungia kabatini pamoja na mapambo ya sikukuu.

Basi mwaka mmoja, mvua zilipokwisha, chumba cha mwisho kikapata mpangaji: mwanamume mrefu, mpole, mkononi mfuko mmoja. Kabla jua halijazama, ua mzima ulishajua kwamba ametoka jela kwa kosa la kuvunja duka. Nguo zikaacha kulala kwenye kamba. Muuza mkaa wa chumba cha pili akaanza kuingiza ndani hata ndoo yake iliyotoboka, sijui nani angeitaka. Na Mama Pindo? Alinunua kufuli la pili. Mgeni alipopita mlangoni pake mara ya kwanza na kusema, "Shikamoo, mama," aliitikia marahaba kwa pua, akausukuma mlango kwa mguu.

Haikupita muda wapangaji wakakubaliana: mama mwenye nyumba akija mwisho wa mwezi, aambiwe achague, huyo au wao. Msemaji awe Mama Pindo, kwa kuwa ndiye mpangaji wa siku nyingi na mwenye nyumba humsikiliza. Akakubali. Aliogopa kweli, jamani. Ana mtoto wa kike, na yale makufuli mawili hayakumpa usingizi.

Sasa sikia. Mchana mmoja alikuwa mlangoni, chai pembeni, mkate mkononi, macho kwenye mkono wa blauzi uliokataa kukaa. Kivuli kikapita. Bila yeye kuinua uso, mdomo ukasema wenyewe, "Karibu chai!"

Unaijua karibu ya namna hiyo. Anaambiwa mpita njia yeyote, naye hujibu, "Asante, endelea," akashika njia yake. Hata mtoto anajua. Lakini kile kivuli kilisimama.

"Asante sana, mama," ikasema sauti nzito, na mpangaji wa chumba cha mwisho akavua viatu, akaingia, akaketi kwenye kigoda cha wateja.

Mama Pindo akabaki na mkate mdomoni. Amfukuze mtu aliyemkaribisha kwa mdomo wake mwenyewe? Hakulelewa hivyo. Akammiminia, na mkasi akauvuta karibu na goti.

Mgeni alikishika kikombe kwa mikono miwili, asinywe. "Tangu nitoke," akasema, "hii ndiyo karibu ya kwanza."

"Eeh," akasema Mama Pindo, jicho moja kwenye mkasi.

"Wewe ndiye mama wa sabuni. Nilikujua kwa sauti siku ile ile niliyohamia. Nilifurahi, mama. Nikasema, nimefika kwa ndugu." Akatazama kikombe. "Halafu mlango ukafungwa. Nikasema basi, nimemfananisha."

Hakusema kwa uchungu, na hapo ndipo palipomchoma mwenzake. Leo Mama Pindo ndiye aliyegeuzwa ndani nje, na pindo lake likaonekana lilivyo. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Akausukuma mkasi chini ya cherehani.

"Hukunifananisha," akasema. "Ni mimi. Nisamehe, baba. Kunywa, itapoa, na uongeze sukari, usione haya."

Binti aliporudi alikuta vikombe viwili mezani na mtu mrefu kwenye kigoda, akaganda mlangoni. "Unashangaa nini?" mama yake akamwambia. "Msalimie kaka yako."

Sikudanganyi kwamba woga uliisha siku hiyo. Kesho yake alipomwambia karibu, safari hii kwa makusudi, alijikuta ameuvuta tena mkasi. Lakini alisema, na kesho kutwa akasema tena.

Mwisho wa mwezi mama mwenye nyumba akaja. Wapangaji wakasimama uani, mikono kifuani, wakimtazama msemaji wao. Mgeni alikuwa bombani. Ndoo yake ilishajaa, maji yanamwagika, haondoki. Alijua. Akikikosa chumba hicho, nani mwingine angempokea?

"Haya, fundi," akasema mwenye nyumba, "nasikia mna neno."

Wateja wa Mama Pindo walikuwa hao hao waliosimama pale. Akamwomba Mungu kimoyomoyo, akainuka.

"Tulikuwa nalo. Kwa upande wangu nimelifuta. Yule pale ni ndugu yangu."

"Ndugu?" akadakia muuza mkaa. "Wa tumbo moja?"

"Wa sabuni moja! Na anayetaka kumtoa aanze na mimi."

Habari ya sabuni mwenye nyumba hakuielewa, ila hilo la kuanza na Mama Pindo alilielewa vizuri. Akasema asilisikie tena neno hilo. Kule bombani yule bwana aliinama kufunga maji, akabaki ameinama muda mrefu, akinawa uso.

Muuza mkaa alinuna, akapeleka suruali zake kwa fundi mwingine. Alirudi mwenyewe, mapindo yamefumuka.

Krismasi ilipofika, sanduku la sabuni lilibebwa na ndugu wa chumba cha mwisho. Mama Pindo akasimama mbele ya nondo. "Ndugu zangu," akaanza, akageuka kumtazama ndugu yake. Akaanza upya. "Mkitoka, mimi nakaa nyuma ya kanisa. Mlango wa bluu, mkabala na bomba. Njooni mnywe chai."

"Hata kama si Krismasi?" mmoja akauliza kutoka nyuma.

Wakamtazama yule mbeba sanduku, ambaye Krismasi iliyopita alikuwa upande wao.

"Mimi nilikunywa mwezi wa saba," akasema.

Kisha kule nyuma mtu akaanza kukariri taratibu ili asisahau, na wengine wakamfuata: nyuma ya kanisa, mlango wa bluu, mkabala na bomba.