Sherehe ya Kijapani Mtaani Ngokolo

Walisema Japani sitafika. Nilifika, nikarudi Ngokolo na stashahada, nikaahidi kuwaonyesha majirani sherehe ya mtaa kama za kule, ambako vijana hubeba kijumba cha ibada mabegani kwa shangwe.

Nilichonga sanduku refu la mbao liwe kijumba chetu. Rangi ya dhahabu kama ya vijumba vya kule sikuipata, nikalifunika shuka jeupe. Wanaume wakalibeba kutoka nyumbani kwangu, mimi nimetangulia.

Bodaboda zikazima injini. Watu wakavua kofia.

“Shangilieni, jamani!” nikapaza sauti.

Wanawake wakaanza kulia. Jirani yetu Mama Kulwa akaninong'oneza, “Pole sana, baba. Nani ametutoka?”

Kabla sijajibu, mama yangu alitokea mbio, peku, akalikumbatia sanduku akiliita jina langu. Ilibidi nimguse bega, mtaa mzima ukitazama.