Jogoo wa Abdulmajidi kwenye Banda la Theodora

Serikali iliporuhusu biashara za watu binafsi, kila mtu Singida mjini alitaka duka, na kila duka likataka jina ukutani. Hapo Abdulmajidi, mchora mabango, akapata kazi. Aliandika mabucha, saluni na mashine za kusaga, na pembeni ya kila jina alichora kitu hata kama mwenye duka hakuomba. Mara nyingi alichora kuku.

Kwa hiyo mpwa wake Rahimu, aliyesomea kompyuta Dar es Salaam, alipotaka kutengeneza gemu ya jogoo anayetoroka kwenye tenga pale stendi ya mabasi, alimwendea mjomba. Aliomba michoro ya jogoo, mama muuza kuku na kondakta. Abdulmajidi alizoea mabango, akachora kwenye hadibodi, kila mmoja saizi ya mlango. Jogoo alimpa kifua cha diwani na jicho la mtu aliyekatizwa maneno. Hadibodi hazikuingia kwenye basi, hivyo Rahimu alizipiga picha, akaondoka na picha.

Sikukuu ya Idi alirudi na gemu yenyewe. Waliifungua kwenye kompyuta ya Melkizedeki, mwenye duka la kuchapa barua. Abdulmajidi alivaa miwani, akasogea karibu, akafuta kioo kwa mkono wa kanzu. Akafuta tena.

"Huyo unayemfuta ndiye jogoo, mjomba," Rahimu alisema kwa upole.

Jogoo alikuwa mdogo kama punje ya ulezi. Kifua hakikuwepo, jicho ndiyo kabisa. Abdulmajidi alirudi nyumbani, akaamua kwamba watu lazima wamwone jogoo wa kweli.

Mkewe, Hanifa, hakuwa ametupa hadibodi hata moja. Kondakta alikuwa mlango wa bafu. Mama muuza kuku alifunika pipa la maji. Jogoo alikuwa amepewa jirani yao Theodora, akapigiliwa misumari kuziba tundu kwenye banda la kuku.

Theodora alimsikiliza vizuri, akamkaribisha uji, akakataa. Alisema tangu jogoo yule apigiliwe pale, kicheche hajagusa kuku wake, na zamani alikuwa akila atakavyo. Abdulmajidi akaahidi kumchorea mwingine kama yule yule. Alimchora kwa uangalifu, unyoya kwa unyoya, wakabadilishana.

Wiki haikuisha. Theodora alikuja na manyoya ya tetea mkononi.

"Huyu wako mpya kicheche kamzoea," alisema. "Nirudishie yule."

Abdulmajidi alimpa pole, lakini Hanifa aliona anavyojizuia kutabasamu. Siku nzima aliwaeleza wateja wake kwamba mchoro wa asili una kitu ambacho nakala haina, na kwamba hata kicheche anajua. Kisha akambeba jogoo mwenyewe kichwani, akamrudisha bandani, akamwongezea misumari na vanishi asiharibiwe na mvua.

Mama muuza kuku na kondakta walitundikwa dukani kwa Melkizedeki, juu ya kompyuta, ili anayecheza gemu ainue macho ajue anamwona nani. Bafu lilipata pazia. Aliyetaka kumwona jogoo alielekezwa kwa Theodora, naye hakumruhusu mtu kuzunguka nyuma ya nyumba kabla ya salamu kamili, za nyumbani, za mifugo na za shamba. Wengi waliondoka na mayai ambayo hawakuwa wamekusudia kununua.

Mwaka uliofuata Rahimu alileta wenzake wawili wa kompyuta. Walichuchumaa mbele ya banda na kamera, Abdulmajidi akiwaeleza kwa nini ukucha wa kushoto ni mrefu. Mmoja wao aliuliza kwa heshima kama wanaweza kumpeleka jogoo Dar es Salaam ahifadhiwe vizuri.

Abdulmajidi alimtazama Theodora. Theodora akasema wamuulize kicheche.